Namba Kumi Atapokelewa Igawa

Jumapili, 1 Desemba 2024

Mtihani uliisha Ijumaa. Fainali jana. Leo siwezi kushuka kitandani — paja la kushoto limekuwa gogo.

Tumechukua kombe la diwani! Tatu kwa moja. Zawadi: mbuzi. Timu nzima na mbuzi mmoja, halafu mwalimu Sedekia akatangaza kwamba kichwa na mguu wa nyuma ni vya benchi la ufundi. Benchi la ufundi ni yeye.

Mabao yote kafunga Tupokigwe. Pasi zote nimepiga mimi, kutoka kule katikati. Sijui nielezeje. Nikiinua kichwa namwona Tupo ameshaanza kukimbia. Yeye anadai anakimbia kwa sababu ameona nataka kuinua kichwa. Ubishi huu tunao tangu Form Two.

Baada ya mechi kuna mama mmoja wa trakisuti nyeusi. Muda wote alisimama peke yake nyuma ya goli, anarekodi kwa simu. Akamfuata mwalimu, akamuuliza yule namba kumi, yaani mimi, ni nani. Mwalimu akajibu bila hata kumeza mate: huyo nimemtengeneza mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake nakunywa maji. Nusura nipaliwe. Mwalimu Sedekia anatufundisha kemia. Kwenye mpira anapuliza filimbi, na mvua ikianza anakimbilia ofisini na filimbi yake.

Mama yule ni Madam Joyness. Anatafuta wachezaji wa timu moja ya wanawake ya Mbeya mjini, inataka kupanda daraja. Nimemwambia Mama nyumbani kwamba ni skauti. Mama akauliza: wale wa skafu na fimbo?

Tupo, namba tisa, hakuna aliyemuuliza jina.

Jumatano, 4 Desemba 2024

Video imesambaa. Iko kwenye grupu la wazazi, la wakulima wa mpunga, la kwaya. Hata kwenye grupu la ng'ombe waliopotea! Mtu kaandika chini yake: huyu si wa kukaa Rujewa.

Baba kaiangalia kwa simu ya baba mdogo Boniface, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya. Mara ya tatu akasema nilijua tangu akiwa mdogo.

Alijua! Nilipokuwa Form One alinikuta nacheza na wavulana kwenye malisho. Akaufungia mpira ghalani pamoja na chumvi ya ng'ombe. Ulikaa humo msimu mzima. Ulipotoka ulikuwa umetafunwa na panya.

Baba mdogo amejiteua meneja. Anapokea simu nje, anatembeatembea, mkono mmoja kiunoni. Nimemsikia akimwambia mtu kwamba "menejimenti itakaa." Menejimenti ilikuwa inaenda kununua dizeli ya pawatila, lile trekta lake dogo la kulimia.

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Madam Joyness amekuja nyumbani. Viti tumeazima kanisani. Jogoo mwekundu kachinjwa — yule niliyekuwa nampenda, bila shaka.

Mwaka jana walikuja watu wa Madibira kuniposa. Viti hivihivi. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chakula, kisha akawaambia mwanangu anasoma, nendeni salama. Nilijivuna mwezi mzima. Nilimsimulia kila mtu darasani kwamba baba yangu si kama baba zenu.

Leo nikaambiwa nipeleke maji ya kunawa, halafu nikae jikoni na Mama.

Ukuta wa jiko ni wa mabanzi, unasikia yote. Kimo changu. Umri wangu. Kama nimewahi kuumwa goti. Kama nina tabia. Baba mdogo akajibu tabia yake nzuri, hana makundi. Mwalimu Sedekia, hata sijui nani alimwita, akasema mtoto kama huyu kumrudisha darasani ni kumwozesha kiatu. Neno gani hilo? Baba akauliza huko Mbeya atalala wapi na nani atamwangalia. Mama akanitazama akiwa ameshika mwiko. Akasema taratibu: wamesahau tu kuuliza kama unajua kupika.

Tukacheka hadi wali ukashika chini.

Lakini Madam Joyness mwenyewe aliniita. Alisema hawezi kusajili mtu aliye jikoni. Tukatoka nje wawili, akanibonyeza goti, akaniuliza mguu wa kulia unafanya nini. Nikamjibu: nasimamia tu. Akacheka. Ana kovu refu kwenye ugoko, naye alicheza zamani. Akaniambia bila kuzunguka:

"Mimi sikudanganyi, mdogo wangu. Kambini mnalala wanne chumba kimoja. Maharage kila siku. Posho ikichelewa inachelewa kweli. Asubuhi Mbeya unaijua baridi yake. Ila utacheza."

Nimempenda. Halafu nikakasirika kwamba nimempenda haraka hivyo.

Akasema fikiri. Ameacha njumu mpya. Hizo amempa baba mdogo, si mimi.

Jumatatu, 9 Desemba 2024

Kupanda mpunga. Mgongo! Tangu alfajiri tumeinama kwenye jaruba, tope hadi magotini. Tupo na mama yake walikuja kibarua kwetu. Kila mwaka wanakuja, si jambo. Mwaka huu limekuwa jambo.

Vijana wawili wakapita na pikipiki kwenye tuta, wakapiga kelele: namba kumi, toka kwenye tope, utaharibu mguu wa taifa!

Mama akasema, "Mguu wa taifa, sogeza hiyo miche."

Wote wakacheka. Tupo hakucheka. Alikuwa mstari wa pembeni, anapanda haraka kuliko sisi sote, kama kuna mtu anamfukuza. Nikamwambia polepole yule madam alirekodi mechi nzima, lazima kakuona. Akasema hajambo. Nikamuuliza nani hajambo? Akasema huyo madam.

Basi.

Alhamisi, 12 Desemba 2024

Leo Iringa wameamka.

Gari jeupe lenye nembo ya shule, na ndani yake Bwana Marcelino, mratibu wa michezo wa shule moja ya binafsi ya kule. Shati jeupe, tai, viatu vya kuchongoka. Likazama kwenye tope kabla halijafika uani. Baba na baba mdogo wakafunga ng'ombe wanne wakalivuta. Bwana Marcelino aliingia kwetu pekupeku, ameshika viatu mkononi, na bado akaanza na "kwa heshima na taadhima."

Viti vya kanisa tulikuwa hatujarudisha. Bahati.

Shule yake ina maabara, basi, kiwanja cha nyasi ya kukatwa na mashine. Ina kila kitu isipokuwa kiungo mchezeshaji. Wananitaka niende mapema, nianze pre-form five Januari, bure: ada, chakula, bweni, vitabu. Na Juni kuna mashindano. Alisema Juni mara nyingi kuliko alivyosema vitabu.

Nikauliza mwenyewe, kutoka mlangoni: na matokeo yangu ya Form Four je? Hayajatoka.

Akatabasamu. "Matokeo si tatizo, binti."

Si tatizo! Miezi nimekesha na fizikia, mwanga wa tochi ya simu, mpaka macho yakavimba. Kumbe si tatizo. Nilijisikia kama mtu aliyebeba maji kutoka mtoni halafu anakuta kumbe mvua imenyesha.

Mwalimu Sedekia naye yupo. Leo kasema kichwa kwanza, mguu baadaye. Jumamosi mguu ulikuwa kwanza. Baba mdogo kaninong'oneza kwamba Bwana Marcelino amemwahidi mwalimu nafasi ya kocha msaidizi hukohuko Iringa, kwa kuwa ndiye aliyenitengeneza.

Ameleta sweta. Kijani, nembo kifuani. Linanifika magotini.

Nilitaka kuandika kwamba Baba naye ni wa kuchekesha, lakini sivyo. Wageni walipoondoka alilichukua lile sweta, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Akaniambia, "Mayu, mama yangu, mimi nilichunga ng'ombe za baba yangu mpaka nikaota ndevu. Watoto wa shule walikuwa wanapita na masweta yao asubuhi. Wewe hujui."

Form Five ndiyo neno analolisikia yeye. Juni halisikii.

Jumapili, 15 Desemba 2024

Kanisani. Mchungaji ameombea "miguu ya binti yetu." Watu wakageuka kuitazama. Nilikuwa nimevaa soksi mbili tofauti.

Baba mdogo alivaa kofia ya timu ya Mbeya. Baba alikuwa amelitundika sweta la Iringa begani, kwenye joto lile. Walikaa benchi moja, katikati yao pengo la mtu mmoja. Nimekaa mimi hapo.

Viti tumerudisha.

Jumanne, 17 Desemba 2024

Nimefanya jambo. Nilidhani ni zuri.

Nimempigia Madam Joyness kwa simu ya Mama. Nikamwambia nitakuja Mbeya kama atamchukua na Tupokigwe. Akasema, "Washambuliaji ninao wanne. Namba kumi sina hata mmoja. Ndiyo hesabu yangu, mdogo wangu, usinichukie." Nikamwambia bila Tupo zile pasi zingekuwa mipira iliyotoka nje tu. Akasema kila mchezeshaji anamwambia hivyo kuhusu rafiki yake.

Nikamtuma mwalimu Sedekia amuulize Bwana Marcelino. Jibu likarudi haraka: yule mwingine ana ufaulu? Kwake matokeo ni tatizo.

Nikaenda kumwambia Tupo kwamba nimejaribu. Alikuwa anachota maji kwenye mfereji. Akaweka ndoo chini.

"Gwe, wewe Nyamizi, nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimeona —"

"Umeona nini? Mimi ni nyongeza ya sokoni? Mtu akinunua kapu la viazi anaongezwa Tupokigwe kimoja?"

"Nilitaka twende wote."

"Uwanjani nipe mpira. Nje ya uwanja nina mdomo wangu."

Akajitwisha ndoo. Haikumwagika hata tone. Hata kwa hasira anatembea vizuri, mshenzi yule.

Ijumaa, 20 Desemba 2024

Mvua. Tupo hajaja kupanda. Mama yake kaja peke yake. Sijauliza.

Jumatano, 25 Desemba 2024

Krismasi. Pilau, soda, wageni. Kila anayeingia anataka kunishika bega na kunipa ushauri. Shangazi wa baba kasema nisiende kokote, mpira unakausha kizazi. Fundi baiskeli kasema nisikubali chini ya gari. Gari! Mtu ambaye amekaa na baiskeli yangu tangu Agosti.

Jioni Tupo akaja. Hakusema samahani wala hakutaka yangu. Alikuwa ameshika mpira. Tukaenda kwenye malisho, peku, nyasi zimeloa. Tulicheza kama saa nzima bila neno la maana — mbele, rudisha, kushoto, acha, acha!

Tulipochoka nikamuuliza, ungekuwa wewe ungechagua nini.

Akang'oa nyasi, akazitafuna. "Ningekwenda Mbeya hata kwa miguu. Lakini mimi sitaki shule, Nyamizi. Wewe unaitaka. Ndiyo maana kwako kuna maswali."

Ni kweli naitaka. Nimeandika hapa sentensi hiyo ili niione. Nataka kujua fizikia nilipata nini, kwa kichwa changu. Nataka ile nyasi ya kukatwa na mashine pia, sitadanganya. Na nataka mtu anipigie kelele kama yule madam atakavyonipigia. Mbona vyote hivyo havikai mji mmoja?

Jumamosi, 28 Desemba 2024

Loo! Leo nyumbani kwetu.

Tunakula. Baba mdogo anasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi ijayo Madam Joyness atampokea Nyamizi pale stendi ya Igawa, ameshakubaliana naye. Baba anashusha tonge. Anasema hapana, Jumamosi ijayo ni Bwana Marcelino atakayempokea Nyamizi hapohapo Igawa, na yeye ndiye aliyekubaliana naye, yeye mwenye mtoto.

Kuku tu ndio wanaoendelea kula.

Kumbe kila mmoja amesema ndiyo ya kwake. Baba alisema ndiyo kwa sweta, baba mdogo kwa njumu. Siku moja, stendi moja!

Nikasubiri mmoja wao ampigie mtu wake kuomba radhi. Wapi. Baba anasema ataonekana mzee kigeugeu. Baba mdogo anasema menejimenti haiwezi kurudi nyuma. Wakabishana aliyetangulia kukubali ni nani. Nikasema: mimi sijakubali popote.

Hakuna aliyenisikia. Ndama alikuwa ameingia kwenye jaruba la jirani, wote wakatoka mbio.

Mama alisikia. Alikusanya sahani, akasimama nyuma yangu kidogo. Akauliza, "Unataka wapi?" Ni wa kwanza kuuliza tangu mambo haya yaanze, na mimi mjinga nikashindwa kujibu! Nikasema sijui. Akasema haya, ukijua uniambie hata kwa kunikonyeza.

Wamekata shauri: tutawaeleza hukohuko Igawa, tukiwa wote.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Nimepanga begi. Njumu chini, sweta juu. Nimetoa sweta, nimeweka njumu juu. Nimerudisha.

Tupo haonekani. Mama yake anasema ameenda kumalizia kibarua cha kupanda mpunga kule Ubaruku.

Jumamosi, 4 Januari 2025. Igawa.

Naandika nimekaa juu ya ndoo, pembeni ya mama muuza mahindi. Mwandiko mbaya, malori yanapita. Lazima niandike, la sivyo kesho nitadhani nimeota.

Tumekuja na pawatila ya baba mdogo: godoro, begi, ndoo, blanketi, Baba, mwalimu Sedekia kwenye suti. Mama kabaki, mpunga haungoji. Aliponikumbatia nilijaribu kumkonyeza, yakafumba macho yote mawili. Akasema basi, huo ni usingizi, si jibu.

Wamekuja wote! Gari jeupe lilitangulia. Bwana Marcelino leo kavaa mabuti ya mvua, amejifunza. Madam Joyness akashuka kwenye basi la Mbeya na trakisuti yake ileile. Wakasalimiana kwa adabu kubwa. Kila mmoja akadhani mwenzake amekuja kuniaga.

Halafu ikaeleweka.

Sasa hivi wanasemezana pale mbele ya duka la vocha. Baba mdogo anasema kuna mambo ya kiufundi. Bwana Marcelino anasema kwa heshima na taadhima. Mwalimu Sedekia yuko katikati na anakubaliana na kila anayemaliza sentensi. Godoro langu limefungwa juu ya gari la shule. Begi langu kalishika Madam Joyness, amekunja mkono, hajalitua chini. Blanketi liko kwa Baba. Abiria wameanza kuchagua upande. Muuza mayai yuko Iringa. Kondakta mmoja yuko Mbeya.

Nimejichekea. Vitu vyangu vyote vimeshikwa, mimi ndiye sijashikwa na mtu. Ningeweza kuvuka barabara nikanunue muwa.

Baba kaja hapa mara moja. Amenifunika blanketi mabegani, jua kali hivi. Akasema, "Mayu, usinune." Nikamwambia sijanuna, Baba. Akasimama kidogo, kama anataka kuniuliza kitu. Nikangoja. Nilingoja kweli. Bwana Marcelino akamwita, "Mzee Masunga!" — akaenda.

Mahindi yameungua upande mmoja. Nimekula hivyohivyo.

Ngoja. Basi la kwenda Mbeya limesimama, lile kubwa la bluu. Wanapakia. Kuna msichana anashindana na kondakta mlangoni, hataki kuongezewa nauli, ana kifurushi cha kanga kichwani na matope mpaka kwenye vifundo —

Ni Tupo!

Hajaaga mtu. Kibarua cha Ubaruku kilikuwa nauli. Hakuna aliyempigia simu, hakuna viti vya kanisa. Anakwenda kusimama kwenye kiwanja chao mpaka wamruhusu acheze, namjua. Madam Joyness yuko hapahapa, mgongo kwa basi, anapigania begi langu, na mshambuliaji wake wa tano anapita nyuma yake.

Amepanda. Amekaa upande wa huku, dirishani. Ameniona. Hanipungii mkono.

Dereva anapiga honi. Baba na wenzake wameongeza sauti ili wasikilizane.

Kifurushi chake alikuwa amekiweka kiti cha pembeni. Mtu ametaka kukaa, Tupo kamkatalia, anatikisa kichwa. Sasa anakitoa. Anakipakata. Bado ananiangalia. Kiti kile kaniwekea mimi —